Mwaka Niliotafuta Jina Langu kwa Nyar Rusinga

Mwezi uliopita nilimwona Consolata sokoni Kosele, ameinama juu ya rundo la viazi vitamu, anamwambia muuzaji kwamba vile vya chini vimeoza na yeye anajua, na muuzaji anajua kwamba yeye anajua. Miaka saba hatukuwa tumeonana. Amepungua mwili, nywele zimeota mvi upande mmoja, lakini ile sauti ya kutoogopa mtu bado iko. Hakunisalimia kwanza. Aliuliza, "Mama Omondi, kijana yuko gredi ya ngapi?" Nikamwambia ya tatu. Akauliza kama bado nina hasira. Nikamwambia bado. "Vizuri," akasema, "usiimalize yote, kuna siku utaihitaji," kisha akarudi kwa viazi vyake kana kwamba tuliachana jana jioni. Watu wengi wamenitendea mabaya na ninawakumbuka kwa majina, siwezi kudanganya. Huyu alinitendea baya moja kubwa, na bado ndiye ninayemheshimu kuliko wote niliowahi kukaa nao chumba kimoja. Ndiyo maana naandika habari za ule mwaka, kabla mtu mwingine hajazisimulia vibaya.

Sitaanza na nilikozaliwa wala baba yangu alikuwa nani. Haisaidii. Naanza na hema la mazishi. Okoth, baba yake Omondi, alikufa kwenye machimbo ya dhahabu. Udongo ulishuka asubuhi na wenzake wakamfikia jioni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto wa miezi kumi. Siku ya kumzika nilikaa safu ya tatu, kati ya majirani, kwa sababu Ouma, kaka yake mkubwa, alisema kiti cha mjane ni cha mwanamke aliyetolewa mahari, na mahari yangu ilikuwa bado maneno tu. Hilo nikalimeza. Nilijua programu itasomwa. Kwetu programu ya mazishi si karatasi ya kujipepea jua likiwaka. Ndiyo inayosema mbele ya kanisa na ukoo na serikali kwamba huyu aliishi, na amewaacha hawa. Mshereheshaji akafungua kijitabu, kilichoandikwa kwa Kiswahili ili Wakuria waliochimba na Okoth wafuate, akasoma shule, akasoma kazi, akasoma ajali, akafika mwisho: ameacha mama, kaka na dada. Nukta. Kwaya ikasimama. Mimi nilikuwa nimemwinua Omondi kidogo kwenye paja ili watu wamwone akitajwa. Nikamshusha.

Miezi mitatu baadaye Ouma akaenda kwa naibu wa chifu kuomba barua ya warithi, ili kile kipande cha shamba la Okoth, mahali mtoto wangu angejenga siku moja, kiwe cha Ouma mwenyewe. Nikamfuata nyuma na mtoto mgongoni. Yule naibu alikuwa mtu wa haki, lakini haki ya mtu aliyechoka. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mama, sina ubaya na wewe. Niletee kitu kimoja kilichoandikwa na familia yenyewe, chenye jina lako na la mtoto. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na moja naandika barua. Kama hujaleta, naandika nilichoambiwa." Kadi ya kliniki ilikuwa na jina langu peke yake. Cheti cha kuzaliwa tulikuwa tukiahirisha kila mwezi, kama vijana wanavyoahirisha kila kitu. Lakini jirani mmoja aliyekuwa akimenya ndizi siku kamati ya mazishi ilipokaa aliniambia kwa sauti ya chini kwamba aliisikia karatasi ya kwanza ikisomwa kabla haijapelekwa mjini, na jina langu lilikuwamo. Karatasi yenyewe ilikuwa imeshatumika kuwashia jiko. Kwa hiyo kama jina langu lilibaki popote duniani, lilibaki kwenye kompyuta ya saiba, duka la kompyuta na uchapaji, ilikochapwa, Migori mjini, kwa huyu Consolata, ambaye kila mtu alimwita Nyar Rusinga, yaani binti wa kisiwa cha Rusinga.

Saiba yake ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Yusuf, mfanyabiashara kutoka Garissa. Ukuta ulikuwa wa mbao tupu, kwa hiyo ulichapa barua zako huku ukisikia mkasi wake ukipita kwenye kitambaa na sauti yake ya upole ikikataa kupunguza bei. Kulikuwa na kompyuta nne. Tatu za wateja, na moja kuukuu iliyojikunja kwenye kona, yenye programu ya kuandikia iliyokuja nayo tangu enzi hizo, na hiyo ndiyo iliyokuwa mashine ya wafu. Ukutani alikuwa amebandika vijitabu vya mfano, safu za nyuso za watu wamevaa suti ambazo si zao. Niliingia nikifoka. Nilisema wamemfuta mtoto wangu na mashine zao za wizi, na mengine ambayo sitayaandika. Wateja wawili walitoka. Consolata alikuwa amekaa akila nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, kutoka kwa bakuli la plastiki. Alingoja nimalize, akalisukuma bakuli upande wangu. "Kula kwanza," akasema. "Hasira ya njaa na hasira ya kweli zinasikika sawa, na mimi nataka kujua hii yako ni gani." Nilikula. Nilipomaliza bado nilikuwa nataka kuvunja kitu, naye akatikisa kichwa kama daktari aliyeona kipimo. "Ni ya kweli. Sasa tuongee."

Aliniambia bila kupamba kwamba hamkumbuki Okoth. Nikianza kukumbuka wafu wote, alisema, sitafanya kazi nyingine. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua, ingawa wote wanaofanya kazi hiyo wanalijua. Mfanyakazi wa saiba haanzi programu ya mazishi kwenye ukurasa mtupu. Anafungua ya marehemu wa juzi na kuandika ya marehemu wa leo juu yake, kwa sababu familia imesimama nyuma ya kiti chake, maiti iko njiani kutoka mochari na stima inaweza kupotea wakati wowote. Jina la faili linabaki lile la zamani, au linaongezewa "mwisho", kisha "mwisho kabisa". Ndivyo ilivyotokea mzee mmoja wa Rongo, mwenye wake wanne, akazikwa huku kijitabu chake kikisema alikuwa mwanachama mwaminifu wa umoja wa akina mama wa kanisa. Wake zake hawakulalamika, Consolata alisema. Mmoja alisema labda ndiko alikokuwa akipotelea kila Alhamisi. Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na nikajichukia kwa kucheka. Lakini nilielewa. Okoth angeweza kuwa ndani ya faili yoyote, chini ya jina la mtu yeyote, na faili zenyewe zilikuwa za miaka kumi na moja. Alinivutia kiti mbele ya ile mashine kuukuu. "Mimi sina siku za kukutafutia," akasema. "Lakini kiti ninacho."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda kila siku, na hivyo ndivyo bila mtu kutangaza nikawa mfanyakazi. Omondi alilala ndani ya boksi la karatasi lililowekwa kanga. Nilifungua faili moja, mashine ikafikiri muda wa kuchemsha chai, ikafunguka, nikamkuta bibi wa Uriri. Nikafunga, nikafungua nyingine, nikamkuta bibi yuleyule amezikwa mara mbili. Kati ya faili na faili nilijifunza kupiga chapa bila kuangalia vidole, kunyoosha karatasi iliyokwama kwenye printa, kujaza fomu za serikali kwa watu wanaoogopa fomu. Na pale kaunta nilisikia familia. Watu hufikiri ukoo hugombana kaburini. Hugombana saiba. Nilimsikia mwanamke akisema picha ya mke mdogo iwe ndogo kuliko yake kwa upana wa kidole, akapima kwa kidole. Nilimsikia mzee akiambia wanawe kwamba yule mkwe wa Tanzania asiandikwe mpaka aje na ng'ombe. Watu wakasema weka huyu, toa yule, na Consolata akaweka na akatoa, uso wake hausemi kitu, macho kwenye kioo. Nilimuuliza siku moja kama haimuumi. Alinijibu kwamba fundi wa majeneza hapimi dhambi za maiti, anapima urefu. Wakati huo niliona ni jibu la mtu mwenye akili. Nililiandika hata nyuma ya daftari.

Alikuwa na akili, hilo sitaliondoa. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne kama mimi, na baada ya hapo hakuna mtu aliyemfundisha chochote. Alijitengenezea shule. Kila alasiri joto likifukuza wateja alifungua kompyuta yake ndogo, akaweka rula kwenye kioo chini ya mstari aliokuwa akisoma, na kusoma namna ya kuandikia kompyuta maagizo. Alitengeneza tovuti za shule mbili na chama kimoja cha wafugaji wa Ogwedhi, kwa kutumia kihariri, ile programu yenye kioo cheusi wanayoandikia wanaprogramu. Mezani kulikuwa na mandazi na kikombe cha chai kilichopoa, na yeye akinong'ona na kioo kama mtu anayesali na kubishana kwa pamoja. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke mzima akijifunza kitu ambacho hakuna mtu alimwambia ajifunze. Hata leo nikichoka, ninaona ile rula.

Ilipofika mwezi wa nane nilikuwa nimefungua faili mpaka macho yanatoa machozi, na sikuwa nimefika nusu. Hapo akapata wazo. Kihariri kinaweza kutafuta neno ndani ya folda nzima kwa mpigo mmoja, bila kufungua faili hata moja. Tukanakili faili zote kutoka kwa mashine ya wafu, akaziweka kwenye kompyuta yake, akaandika Okoth, akabonyeza. Kikajibu papo hapo: hakuna matokeo. Nikaandika Akinyi, ambalo ni jina langu na la nusu ya wanawake wa Migori. Hakuna matokeo. Nikaandika Omondi. Hakuna. Niliinuka nikasema basi, Mungu na Ouma wamekubaliana. Consolata hata hakugeuka.

"Imesema haina," akauliza, "au imesema haikuangalia?"

"Kuna tofauti gani? Imesema hakuna."

"Tofauti ni kubwa. Muulize naibu wako wa chifu. Mtu anaweza kukwambia hakuna kitu nyumbani, na hajainuka kitini."

Kisha akanionyesha jambo ambalo nimelitumia maishani kuliko hesabu zote za shule. Ukiwa huamini anayetafuta, mtume akatafute kitu ambacho unajua kipo. Aliandika neno "marehemu". Katika folda iliyojaa programu za mazishi za miaka kumi na moja, kihariri kikajibu kwamba hakuna neno marehemu. Akaegemea nyuma, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilimwona ametulia, kama mtu aliyekuwa akisikia panya na sasa ameuona mkia. Kitu kinadanganya, alisema, sasa tujue ni kipi. Akatengeneza faili mpya ndani ya folda ileile, maandishi matupu, akaandika neno marehemu mara moja, akahifadhi, akatafuta tena. Kikapata moja, ile yake tu. Kwa hiyo folda ni sahihi. Kutafuta kunafanya kazi. Neno halijakosewa. Akaangalia kwenye mipangilio kama kuna aina za faili alizokiambia kiziruke. Hakukuwa na kitu. Akaandika kila hatua kwenye karatasi, na mbele ya kila hatua akaandika "si hii". Zile "si hii" zilinichosha roho. Yeye zilimshibisha. Siku ya tatu alisema amebakiwa na jambo moja tu: shida iko ndani ya faili zenyewe. Kihariri kikizitazama, hakioni maandishi.

Tukafungua moja ndani ya kihariri. Kikatoa onyo kwamba hii si maandishi, ni bainari, yaani vitu vya mashine, si vya mtu kusoma. Kikauliza kama tunataka kuifungua hata hivyo. "Hata hivyo," Consolata akakiambia, akabonyeza. Kioo kikajaa takataka: vijiboksi, alama za kuuliza, mistari ya herufi za ajabu kana kwamba kuku amepita kwenye wino. Mimi nilikata tamaa hapohapo. Yeye akaweka rula yake, akaanza juu, mstari kwa mstari. Omondi aliamka, akanyonya, akalala tena. Ng'ambo ya mbao Mzee Yusuf alikuwa akimwambia mtu kwamba bei ni bei. Halafu nikamsikia Consolata akivuta pumzi. Katikati ya takataka kulikuwa na herufi m, kisha kijidoti, kisha a, kijidoti, r, kijidoti, e. Nikaisoma kwa kidole, polepole kama mtoto wa chekechea. Marehemu.

Ilimchukua siku nyingine kuelewa, na mimi alinielewesha kwa viti. Ile programu kuukuu, alisema, inapoandika herufi inaipa viti viwili, na kwa herufi zetu kiti cha pili hakina mtu, kina sifuri. Kihariri kikikutana na sifuri katikati ya faili kinasema hawa si watu, hii ni mashine, kinaondoka bila kuingia. Hakisemi nimeondoka. Kinasema hakuna. "Ona adabu hiyo," akasema. "Kilifika mlangoni, kikaona viti vitupu, kikaenda kutangaza kwamba hakuna matanga." Akaandika maagizo ya mistari sita, akiyasahihisha mara sijui ngapi, ya kuipita kila nakala, kuziondoa sifuri zote na kuhifadhi kilichobaki kwenye folda mpya. Faili za asili hakuzigusa. Alinikataza hata kuzikaribia. Kisha akanipisha kiti chake. Hakuwahi kumpisha mtu kile kiti. Nikaandika marehemu na kioo kikamwagika: mia, mia, mia nyingine, wafu wote wa Migori wakaitika kwa pamoja. Nikaandika Omondi Okoth.

Matokeo yalikuwa moja. Faili iliitwa MAMA ROSELINE MWISHO KABISA. Mume wangu alikuwa ndani ya programu ya bibi asiyemjua, chini ya nyimbo zake na shukrani za wajukuu zake. Consolata alinieleza kwamba ile programu ya zamani ni mvivu. Ukiiambia ifute haisugui, inaacha maneno pale pale na kuandika pembeni kwamba yasionyeshwe tena. Kwa hiyo maisha yote ya Okoth yalikuwapo, yaliyosomwa na yasiyosomwa, na baada ya mama, kaka na dada, bila nukta, mstari ukaendelea: "na mke wake Lilian Akinyi, aliyemkanda mgongo kila jioni alipotoka shimoni, na mwanawe Omondi Okoth, mwenye masikio ya babu yake." Nilisoma mara moja nikashindwa kuendelea. Nilitegemea jina. Sikutegemea mgongo. Sikutegemea masikio. Niligeuka nimkumbatie, nikamkuta Consolata amekuwa na rangi ya jivu.

"Mama Omondi," akasema, "nimemkumbuka. Alikuja mwanaume asubuhi ya mazishi, gari lilikuwa likinguruma nje. Akaweka kidole kwenye kioo, hapa, akasema toa kutoka hapa mpaka hapa. Mimi ndiye niliyetoa."

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo ninalorudia nikimwaza. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka, nilikuwa namwona kama malaika, na hakuna shahidi mwingine duniani. Alisema kabla sijauliza. Na mimi nilifanya nini? Nilimtukana. Nilimwambia fundi wa majeneza amenizika hai. Nilimwambia amesoma lile neno mke, amesoma lile neno mwanawe, na vidole vyake havikusita. Alisema ni kweli, havikusita, na hakutafuta maneno ya kujikinga. Nikamchukua mtoto, nikaenda. Siku tatu nilikaa nyumbani nikipika omena, dagaa za ziwani, na kuziunguza. Siku ya nne nilirudi, si kwa sababu nimesamehe. Nilirudi kwa sababu naibu alikuwa ametupangia tarehe ya kikao, na mwenye kujua kuisoma ile faili mbele ya watu alikuwa yeye. Nilimkuta amesimama kaunta, mteja mbele yake anasema toa huyu wa mwisho. Consolata akamuuliza, "Huyu wa mwisho ni nani wake marehemu?" Mteja akasema hilo si lake. Akamwambia basi asubiri, au aende saiba nyingine. Mteja alienda. Consolata hakuniangalia. Nilikwenda kuweka karatasi kwenye printa.

Siku ya kikao tulikaa kwenye ukumbi wa ofisi ya naibu, chini ya bati linalolia kwa joto. Ouma alikuja na koti, na mama yake, mjane mwenzangu wa miaka mingi, akakaa pembeni na kitambaa kichwani, ananitazama miguu tu. Tangu mazishi hakuwa ameniambia neno. Omondi alikuwa na kofia ya sufu iliyofika mpaka nyusi, ameshaanza kutembea, anamshika kila mtu goti. Nilimpa naibu karatasi tuliyoichapa kutoka kwenye ile faili, pamoja na takataka zake. Ouma aliichukua mkononi mwake kabla hajamaliza kusoma, akacheka. "Hii ni nini, jamani? Lugha ya majini? Bwana naibu, mtu wa kompyuta anaweza kuandika chochote anachotaka. Hawa ni marafiki. Wanakula bakuli moja." Hapo alisema ukweli, tulikuwa tukila bakuli moja. Nilihisi mwili wangu wote ukitaka kuinuka. Consolata aliniwekea mkono begani, akainuka yeye.

Hakuanza na viti wala sifuri. Alisema jina lake lote na mahali ilipo saiba yake, ili kusiwe na shaka ni nani anayejiharibia. Alisema, "Bwana naibu, mimi nachapa programu za mazishi, na watu wengi mliokaa hapa mtanihitaji. Maneno haya yaliletwa kwangu na huyu Ouma kwa mkono wake, nikayapiga chapa. Asubuhi ya mazishi akarudi akaniambia niyatoe. Nikayatoa. Sikuuliza ni nani ninayemtoa. Sikuwa nimelazimishwa, na nilimaliza nikanywa chai. Kama mnataka kusema nimeandika uongo, semeni. Lakini uongo wangu ulikuwa ule wa kwanza, ule mliousikia ukisomwa kaburini." Kisha akafungua kompyuta yake, akamwonyesha naibu faili ya asili na tarehe yake, bibi Roseline juu na Okoth chini, akakaa. Nimewaona wachungaji wakiungama kwa machozi na vipaza sauti. Sijaona ungamo safi kama lile. Alijua kwamba jioni hiyo mji wote utasema Nyar Rusinga hatunzi siri za wateja, na ulisema, na wengine hawakurudi kwake tena.

Ouma alisema bado haijathibitisha kitu, kwamba mwanamke mmoja kusema alifuta si sawa na familia kusema iliandika. Naibu alikubali kwamba ndivyo. Akaivuta karatasi karibu na miwani yake, akasoma tena, safari hii kwa sauti, polepole, kwa sababu zile alama za takataka zilikuwa bado pembeni. Alisoma mgongo. Alisoma masikio ya babu yake. Akasimama hapo, akainua macho. "Wewe Ouma," akasema, "ulijuaje habari za masikio? Wewe ulikuwa umemwona huyu mtoto?" Ouma akasema hajui, watu wengi walikuwa wakiongea kwenye kamati, yeye aliandika tu. "Uliandika tu," naibu akarudia. "Kwa hiyo uliandika." Naibu akageuka, akauliza ukumbi wote ni nani aliyesema maneno haya.

Bati lililia. Omondi, ambaye hakujua ni siku gani, alikuwa amefika kwenye goti la mwisho, akashika gauni la mama yake Okoth kwa mikono miwili. Yule mama alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akamvua ile kofia ya sufu, akaiweka kwenye paja lake. Masikio yakatokea, yale yaliyosimama mbali na kichwa, ambayo mimi niliyafunika kila siku kwa sababu nilifikiri watoto wangemcheka.

"Ni mimi niliyesema," akasema kwa Dholuo, kisha akarudia kwa Kiswahili, akimtazama naibu ili iwe rasmi. "Yeye aliandika, mimi nilisema. Na kaburini nilisikia yameachwa, nikanyamaza."

Ouma alimwita mama, mara moja, kwa sauti ya chini. Mama yake hakugeuka. Naibu alivuta ile barua ambayo alikuwa ameshaianza, akachana ukurasa, akachukua mwingine. Akaandika jina la marehemu, akaandika jina langu jinsi nilivyomtajia, kisha akauliza jina la mtoto. Kabla sijafungua mdomo, mama yake Okoth alikuwa ameshamjibu.